Kiharusi kidogo na mkono wa kushoto: Brian May aliwaambia mashabiki wake, je, nami niwaambie wangu?

Mpiga Solo wa Mkunazini (mleta mada)

Assalaam alaykum ndugu wanajukwaa.

Mimi ni mpiga gitaa wa Mji Mkongwe, Unguja. Nina umri wa miaka 58, na kwa miaka 31 riziki yangu imetokana na kupiga gitaa la solo katika bendi za hotelini. Wageni wengi hufika Zanzibar wakiwa wanajua kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, kwa hiyo ni nadra usiku kupita bila mtu kuomba wimbo wa bendi ile. Hivyo ndivyo Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alivyokuwa mwalimu wangu bila ya yeye kujua. Nilizitafuta sauti za gitaa lake kwa sikio, kaseti ikirudishwa nyuma hata utepe ukachakaa, na niliposoma kwamba hapigi kwa piki ya plastiki bali kwa sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita, nilichukua sumni, ile sarafu ya senti hamsini yenye sungura, kutoka kwenye mkebe wa mama yangu, nami sijaiacha mpaka leo.

Miezi minne iliyopita, nilipokuwa nikitawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, kata ya maji ilinidondoka mara mbili kutoka mkono wa kushoto. Vidole nilivihisi, lakini havikunitii. Nilidhani nimeulalia mkono, nikakaa nyumbani siku mbili nikiukanda kwa mafuta ya karafuu, mpaka mke wangu alipokataa kunisikiliza tena na kunipeleka hospitali. Huko niliambiwa kwamba nimepata kiharusi kidogo na kwamba shinikizo langu la damu liko juu sana, bila shaka kwa miaka mingi. Nashukuru kwamba leo natembea, nazungumza vizuri na kula mwenyewe. Kilichobaki ni kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono huo: vinaufikia uzi kwa kuchelewa, na vikiufikia havina nguvu ya kuubana.

Wenzangu wa bendi nimewaambia kwamba bega linaniuma. Hotelini nimesema hivyo hivyo. Nafasi yangu imeshikwa na kijana ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe, naye anapiga vizuri, na kila anaponitumia salamu za pole za bega nahisi uzito wa uongo wangu.

Wiki iliyopita binti yangu alinisomea kwamba Brian May naye alipata kiharusi kidogo mwaka 2024, tena kilichougusa mkono huo huo wa kushoto, na kwamba aliwatangazia mashabiki wake waziwazi. Habari hiyo sikuwa nayo. Kwa hiyo ninawauliza wale mnaozifuatilia taarifa zake: alisema nini hasa, na je, alirudi kupiga? Wenye elimu ya tiba, ninaomba mnieleze kama vidole vya mpiga gitaa hurudi. Mafundi, je, kuna namna ya kulilainisha gitaa likubaliane na mkono dhaifu? Na mwisho, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi: niseme ukweli, au niendelee na hadithi ya bega?

Binti Ngamiani

Pole sana, kaka yangu. Nilipolisoma bandiko lako nililiacha, nikalirudia baada ya chakula cha jioni, kwa sababu linastahili jibu la utulivu.

Taarifa za Brian May nimekuwa nikizisoma kwa muda mrefu, tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo. Yeye ni miongoni mwa wanamuziki wachache wa kizazi chake wanaowaandikia mashabiki wao wenyewe. Tovuti yake ina ukurasa ambao kwa miaka mingi ameutumia kuandika habari za muziki, za nyota, za wanyamapori na za zile picha za stereo zinazoonekana kama zina kina, na mara nyingi hujibu barua alizopokea. Ikumbukwe kwamba mtu huyu ni mwanasayansi: mwaka 2007 alipata shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga katika chuo cha Imperial, London, kwa utafiti wa vumbi la angani alioanza mwaka 1970 na kuuacha kwa ajili ya Queen. Nadhani tabia hiyo ya kuripoti kilichoonekana ndiyo inayomwongoza hata anapoueleza mwili wake mwenyewe.

Tangazo unaloliulizia lilitoka tarehe 4 Septemba 2024, kwa video. Alikuwa na umri wa miaka 77. Alianza na habari njema, kwamba anaweza kupiga gitaa, na ndipo akaeleza sababu ya kuisema: takriban wiki moja kabla, ghafla, alishindwa kuuongoza mkono wake wa kushoto, na gari la wagonjwa likamkimbiza hadi hospitali ya Frimley iliyoko Surrey, ambayo aliishukuru sana. Hakuficha kwamba aliogopa. Alisema amekatazwa kutoka nje, kuendesha gari, kupanda ndege na kufanya lolote litakaloyapandisha sana mapigo ya moyo wake. Kisha akawaomba watu wasimtumie salamu za huruma, kwani zingemjazia sanduku la barua. Hayo ndiyo yote, kaka. Hakutangaza kustaafu, na pia hakuahidi tarehe ya kurudi ambayo hakuwa na uhakika nayo.

Iliyonifanya nimwamini zaidi, hata hivyo, ni taarifa zake za mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka huo aliwaeleza mashabiki kwamba amechana msuli wa kalio akiwa bustanini. Mwezi huo huo alirudi na kulisahihisha neno lake mwenyewe: uchunguzi zaidi ulikuwa umeonyesha kwamba neva ya mguu imebanwa, na katikati ya maumivu hayo alikuwa amepata shambulio dogo la moyo, ikakutwa mishipa mitatu imeziba, akawekewa vizibuzi vitatu vya kuipanua. Baadaye akaongeza kwamba dawa zilimsababishia kutokwa na damu tumboni, jambo ambalo nalo lilikaribia kumuua. Angeweza kuiacha ile hadithi ya bustanini ibaki kama ilivyo, kwa kuwa hakuna shabiki ambaye angemfuata hospitalini kuihakiki.

Kuhusu kurudi: ndiyo, alirudi. Mwezi Aprili 2025 alipanda jukwaani katika tamasha la Coachella, California, akapiga gitaa huku kijana Benson Boone akiimba wimbo wa Queen ambao sina haja ya kukutajia, kwa kuwa najua umeupiga mara nyingi kuliko mtu yeyote humu. Septemba mwaka huo huo alipiga tena, yeye na Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, katika usiku wa mwisho wa matamasha ya Proms ndani ya Royal Albert Hall, London. Kutoka tangazo lile hadi jukwaa la California ilipita miezi saba. Wewe uko katika mwezi wa nne.

Jambo moja la zamani ningependa ulijue, kwa sababu linamhusu huyo kijana aliyeishika nafasi yako. Mwanzoni mwa mwaka 1974, sindano ya chanjo aliyodungwa Brian May kabla ya safari ya Australia ilimletea kidonda kilichooza, na nusura aupoteze mkono. Miezi michache baadaye, Queen wakiwa katika ziara ya Marekani pamoja na bendi ya Mott the Hoople, akaugua homa ya ini na ziara ikakatishwa. Alipopata nafuu kidogo, kidonda cha tumbo kikamrudisha kitandani wakati wenzake walikuwa wameanza kurekodi albamu yao ya tatu. Amewahi kusimulia hofu yake ya siku zile, kwamba wenzake wangemtafuta mpiga gitaa mwingine. Hawakumtafuta. Waliendelea kurekodi ngoma, besi na sauti, wakaziacha wazi sehemu za gitaa, naye alipotoka hospitali akaja kuzijaza. Lakini zingatia, kaka, kwamba waliweza kumwachia nafasi kwa sababu walijua anaumwa nini.

Mtaalamu wa Mazoezi Tiba, Mombasa

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokupata. Nafanya kazi na wagonjwa wa kiharusi kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na nitakueleza kadiri mtu anavyoweza kueleza bila kukupima. Haya yasichukue nafasi ya daktari wako.

Mkono wa kushoto huongozwa na upande wa kulia wa ubongo. Mshipa unaoupelekea upande huo damu ukiziba au ukipasuka, msuli wenyewe unabaki mzima na kidole kinabaki kizima, lakini amri haifiki, au inafika ikiwa imefifia na kuchelewa. Maelezo yako ya vidole vinavyoufikia uzi kwa kuchelewa ni sahihi kabisa, na ningetamani wagonjwa wangu wote wangeweza kueleza hivyo. Habari njema ni kwamba ubongo unaweza kuzifundisha sehemu nyingine kazi iliyopotea. Nafuu kubwa huonekana katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ila haikomi hapo, na nimewaona watu wakipata maendeleo hata baada ya mwaka.

Ubongo hujifunza kile unachokirudia. Kuminya mpira wa tenisi kutakupa nguvu ya kuminya mpira. Kama unataka kidole cha pete kibane uzi, basi sharti kibane uzi, mara nyingi, polepole, kila siku. Anza na dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kabla mkono haujachoka. Weka kidole juu ya uzi, bana, hesabu hadi nne, achia kabisa, pumzika, rudia. Kuachia ni muhimu kama kubana, kwa sababu baada ya kiharusi vidole hupenda kukakamaa. Tazama kidole kinapofanya kazi, na usiache kidole cha kati kikisaidie, maana vidole vyenye nguvu huwa na haraka ya kuifanya kazi ya wadhaifu. Ukihisi maumivu makali, simama. Mkono ukianza kutetemeka kwa uchovu, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Sasa naomba usome kwa makini zaidi, kwa sababu vidole si jambo la kwanza. Aliyepata kiharusi kidogo yuko katika hatari ya kupata kikubwa. Dawa za shinikizo la damu zinywe kila siku, hata siku unayojisikia mzima kabisa, na hasa siku hiyo. Pima shinikizo mara kwa mara na uandike namba katika daftari. Punguza chumvi, na kama unavuta sigara, acha leo. Kabla ya kurudi jukwaani, muulize daktari wako waziwazi kama moyo na mishipa yako inaruhusu kusimama saa tatu katika joto la usiku wa Unguja; masharti aliyopewa Brian May ya kutopanda ndege na kutoyapandisha mapigo ya moyo hayakuwekwa kwa kumdekeza.

Na wewe pamoja na wote mnaosoma hapa: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakitoka vibaya, msikande kwa mafuta wala msisubiri kupambazuke. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Katika kiharusi kikubwa cha mshipa kuziba kisichotibiwa, inakadiriwa kwamba seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Pia msimpe mgonjwa aspirini nyumbani kabla hajapigwa picha ya kichwa, kwa sababu kama mshipa umepasuka, dawa hiyo itaongeza damu inayovuja.

Mke wako alifanya la maana sana. Naomba umfikishie salamu zangu.

Msikilizaji wa Muscat

Kaka, mimi ni mtoto wa Malindi, Unguja, ingawa miaka mingi sasa niko Muscat. Nitajibu hilo la mwisho tu.

Wenzangu wamekuonyesha mfano wa Brian May. Nami nakukumbusha mfano wa yule aliyezaliwa kwetu. Freddie Mercury aliuficha ugonjwa wake kwa miaka kadhaa. Wenzake wa bendi walijua, wakakana mbele ya waandishi wa habari ili kumlinda, na tamko lake la kukiri kwamba ana UKIMWI lilitolewa tarehe 23 Novemba 1991. Kesho yake akafariki. Kuna watu wanaomlaumu kwa ukimya huo. Mimi simlaumu hata chembe. Tukumbuke miaka ile ilivyokuwa, huko London na hata hapa kwetu, ambako jina la ugonjwa huo lilisemwa kwa kunong'ona na familia nzima ikitengwa kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Mtu ana haki ya kuusitiri mwili wake. Baada ya kifo chake wenzake hao hao waliofunga vinywa walianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na UKIMWI, na Brian May akawa mmoja wa waasisi wake. Kwa hiyo mtu yule mmoja amewahi kuitunza siri ya rafiki yake hadi mwisho, na pia kuitoa yake mwenyewe hadharani, nami sioni kwamba alijipinga.

Ninachotaka kusema ni kwamba usilazimike kuwaambia wageni wa hoteli chochote. Wao wamekuja kusikiliza muziki, na wengi wataondoka baada ya siku tano. Meneja naye mwambie pale utakapokuwa na cheti cha daktari mkononi kinachosema lini utarudi na kwa masharti gani, kwa sababu meneja akiambiwa neno “kiharusi” peke yake atasikia “amekwisha”. Wenzako wa bendi ni suala jingine. Hao wanakuamini kwa masikio yao kila usiku. Nao hao, pamoja na huyo kijana, waambie wiki hii.

Fundi wa Magitaa, Ilala

Salamu, mzee wangu. Nimetengeneza magitaa ya bendi hapa Dar es Salaam tangu miaka ya tisini, na swali lako la gitaa lina majibu ya vipimo, kwa hiyo nitaanza na vipimo.

La kwanza ni nyuzi. Wapigaji wengi wa hotelini hutumia nyuzi ambazo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.011, kwa sababu hazikatiki ovyo. Brian May, pamoja na ukubwa wote wa sauti yake, anajulikana kwa kutumia nyuzi nyembamba, seti ya kuanzia 0.009. Mvutano wa uzi hupungua kwa kipeo cha pili cha unene wake, kwa hiyo ukitoka 0.011 kwenda 0.009 mvutano wa uzi wa kwanza unapungua kwa takriban theluthi moja. Ukishusha mpangilio wa gitaa zima kwa nusu sauti, unapungua tena kwa asilimia 11 hivi ya uliobaki. Yote mawili kwa pamoja yanakuondolea karibu asilimia 40 ya mzigo ulioko chini ya kidole chako cha pete. Waimbaji hawatakulalamikia kwa kushushiwa nusu sauti. Wengi wao watafurahi.

La pili ni urefu wa uzi kutoka mfupa wa kichwani mwa gitaa hadi kwenye daraja. Gitaa la aina ya Stratocaster lina inchi 25.5. Red Special, lile gitaa ambalo Brian May alilijenga na baba yake kuanzia Agosti 1963, lina inchi 24 tu. Uzi mfupi hulegea zaidi kwa sauti ile ile, na pia nafasi kati ya vyuma vya shingo ni ndogo, kwa hiyo kidole cha mwisho hakilazimiki kunyooka mbali. Kama una uwezo wa kuazima gitaa fupi kwa miezi michache, azima.

La tatu ni kimo cha nyuzi juu ya shingo, na hapa ndipo nina wasiwasi na gitaa lako. Unyevu wa pwani huivuta shingo ikapinda mbele, nyuzi zikapanda juu, na mpigaji mwenye mkono mzima huzoea tu bila kujua. Niletee, au mpelekee fundi yeyote unayemwamini huko, auangalie ule mfupa wa kichwani kama umechongwa chini ya kutosha, akaze chuma kilichomo ndani ya shingo kidogo kidogo, na asugue vyuma vilivyochimbika. Ni kazi ya nusu siku. Nimewahi kuona gitaa likiwa gumu kuliko mlango wa gereji, na mwenyewe akidhani vidole vyake vimezeeka.

Nimeitaja Red Special, na naomba mniruhusu nikae hapo kidogo, kwa sababu sisi mafundi wa huku tunaielewa vizuri kuliko wengi. Baba na mwana hawakuwa na fedha za gitaa la dukani. Shingo waliichonga kutoka mbao za meko ya zamani, na matundu yaliyotobolewa na wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Chemchemi za mtambo wa kutikisa sauti zilitoka katika injini ya pikipiki ya Panther ya mwaka 1928. Vitone vya kuonyesha nafasi shingoni vilikuwa vifungo vya nguo vya mama yake, na ncha ya mkono wa mtambo ule ni ya sindano ya kufumia. Gitaa hilo ndilo linalosikika katika nyimbo mnazoombwa kila usiku. Mzee wangu, wewe unayepiga kwa sumni uko katika ukoo huo.

Kuna mtu mwingine ambaye ningependa umfahamu vizuri, naye ni rafiki mkubwa wa Brian May: Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati huko Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, vya mkono anaobania nyuzi. Aliambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kazini akampelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye moto wa mwaka 1928 ulimwachia vidole viwili tu vya kufanyia solo. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi juu, akatafuta nyuzi nyembamba, za banjo, wakati ambapo nyuzi nyembamba za gitaa hazikuwa zikipatikana madukani, na baadaye akashusha mpangilio wa gitaa lake ili nyuzi zilegee. Ile sauti nzito ambayo bendi nyingi za roki zimeiiga tangu hapo ilitokana kwa sehemu kubwa na mkono ulioumia kutafuta unafuu. Sikwambii kwamba nawe utazaa sauti mpya. Nakwambia kwamba kulegeza nyuzi si aibu ya kiufundi, na yeyote atakayekucheka kwa hilo hajui historia ya chombo anachokipiga.

Mpiga Solo wa Mkunazini (mleta mada)

Ndugu zangu, nimechukua siku kumi kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka kwanza niyafanye mliyonielekeza.

Juzi Jumatatu niliwaita wenzangu wa bendi nyumbani. Niliwaambia habari za kiharusi, na niliwaambia pia kwamba habari za bega hazikuwa za kweli. Mpiga ngoma wetu, ambaye tumekuwa pamoja tangu 1998, alikasirika, wala si kwa ugonjwa bali kwa kuwa nilimwacha aniombee dua isiyo yangu. Alikuwa na haki. Yule kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama anaweza kuja asubuhi kunihesabia mazoezi, maana mtu akijihesabia mwenyewe huharakisha. Anakuja saa mbili kila siku.

Meneja bado sijamwambia. Nimefuata ushauri wa ndugu yetu wa Muscat na nitakutana na daktari tarehe 20 ili nipate maandishi. Shinikizo la damu naliandika katika daftari la nyimbo, ukurasa wa nyuma. Salamu kwa mke wangu zimefika, naye amesema mtaalamu wa Mombasa angefaa kumwongezea kwamba niache na chumvi ya kwenye maembe.

Gitaa nililipeleka kwa fundi wa Darajani, na mambo yalikuwa kama alivyokisia fundi wa Ilala: shingo ilikuwa imepinda, na mfupa wa kichwani haujawahi kuchongwa tangu gitaa linunuliwe. Sasa lina nyuzi za 0.009 na nimelishusha nusu sauti. Jana, katika uzi wa pili, chuma cha tano, kidole cha pete kilibana mpaka kijana akahesabu nne, na sauti ikatoka safi bila kukwaruza. Mara ya sita kilitetemeka, tukaacha.

Nina swali moja kwa fundi: kwa kuwa kidole cha mwisho bado hakifiki kabisa, je, ni bora nivipange upya vipande vyangu vyote kwa vidole vitatu kuanzia sasa, au nikiachie nafasi yake wazi, kama Queen walivyomwachia Brian May, nikisubiri kirudi?